Askari akikupiga, unamshtaki kwa nani? Hii ndo njia ya malalamiko dhidi ya polisi Kenya

Mwaka juzi nilimsindikiza jirani yangu kituoni. Kijana wa bodaboda, mpole, hana makuu. Usiku wake askari wa doria walimsimamisha pale kona akirudi kulaza pikipiki, wakamwambia atoe leseni, maneno yakapishana, akala rungu ya mkono, na asubuhi ule mkono umevimba hawezi hata kushika kikombe cha chai. Basi tukaingia. Pale kaunta kuna lile daftari kubwa la OB, la kuandikia matukio yanayoripotiwa, limefunguliwa, kalamu imefungwa kwa uzi isiibiwe, na afande wa zamu akamsikiliza vizuri tu, anaandika jina, anaandika mtaa, mpaka kijana alipofikia neno "askari". Hapo akaweka kalamu chini. Akamwambia, "Sasa mdogo wangu, nikuandikie ati polisi amekupiga, halafu nimpelekee nani? Nijipelekee mimi mwenyewe?"

Hakusema kwa ubaya, na ndo maana swali lake halijanitoka kichwani. Ni swali la kweli. Mwizi akikuibia unamshtaki kwa polisi, jirani akikutukana unamshtaki kwa polisi, sasa polisi mwenyewe akikukosea unaenda wapi? Wengi hapa Kenya watakujibu neno moja, IPOA, halafu ukiwauliza hiyo IPOA inafanya nini hasa utasikia kila mtu na lake, mmoja atakwambia ni korti ya polisi, mwingine ni idara ndani ya polisi, mwingine ati ni NGO ya wazungu. Si korti, si polisi, si NGO. Na kutoelewa huku kunaumiza watu, kwa sababu mtu anapeleka malalamiko mahali ambapo hayawezi kumsaidia, anangoja mwaka, anakata tamaa, anasema wote ni wamoja.

Tuanzie ilikotoka, kwa ufupi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka moto, watu 1,133 wakafa. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia zile ilitoa ripoti yake Oktoba 2008 na ndani yake kuna hesabu moja ambayo kila Mkenya anafaa kuijua: kati ya hao waliokufa, 405 walikufa kwa risasi. Sasa jiulize, mwaka 2008, kijijini ama mtaani, nani alikuwa na bunduki? Na familia ya aliyepigwa risasi na polisi ilikuwa iende wapi kuripoti? Kituo kile kile. Waki akapendekeza kiundwe chombo huru cha kuwachunguza polisi, kikosi kazi cha Jaji Philip Ransley kikalitilia mkazo 2009, Katiba mpya ikaja 2010, na 2011 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ndo hiyo IPOA. Makamishna wa kwanza waliapishwa Juni 2012 chini ya Macharia Njeru. Baadaye akaja Anne Makori 2018, na tangu mwisho wa 2024 mwenyekiti ni Ahmed Issack Hassan, yule aliyekuwa mkuu wa tume ya uchaguzi. Makamishna wanakaa miaka sita, hawarudi tena, na hilo limewekwa makusudi ili mtu asije akaanza kuchunga mdomo akitafuta muhula wa pili.

Sasa njia zenyewe. Malalamiko dhidi ya polisi yana milango zaidi ya mmoja, na hapa ndipo watu wanapopotelea.

Mlango wa kwanza ni kituo chenyewe, kwa OCS, yaani mkuu wa kituo. Ndiyo, nimesema polisi kuchunguza polisi ni shida, lakini sheria haimkatazi mtu kuripoti hapo, na kwa kweli namba ya OB itakusaidia karibu kila mahali utakapokwenda baadaye, kwa hiyo usiuruke mlango huu hivi hivi. OCS akiwa mtu wa haki anaweza kumaliza jambo dogo hapo hapo, askari aliyekutukana aitwe, aombe radhi, mambo yaishe. Sijui kwa nini tunaona aibu kusema kwamba wako maOCS wa aina hiyo. Wapo.

Mlango wa pili ni IAU, kitengo cha masuala ya ndani cha polisi, kilichoundwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Hawa ni polisi wanaochunguza polisi wenzao, na wanaripoti kwa Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi wote nchini. Kazi yao kubwa ni nidhamu: askari mlevi kazini, askari aliyechukua kitu kidogo barabarani, askari aliyetumia gari la serikali kubeba mahindi yake. Wanajua lugha ya kambi, wanajua nani yuko chini ya nani, na kwa makosa ya aina hiyo wanaweza kufika haraka kuliko mtu wa nje. Tatizo lao liko wazi kwa yeyote, bosi wao ndiye bosi wa anayelalamikiwa.

Mlango wa tatu ndo IPOA, nje ya polisi kabisa, ina bajeti yake, wachunguzi wake, na ofisi makao makuu Nairobi na nyingine mikoani, Mombasa, Kisumu, Garissa na kwingineko. Unaweza kuingia na miguu yako, kuandika barua, kutuma barua pepe ama kupiga simu ya bure 1559. Hulipi chochote, huhitaji wakili, na si lazima uwe wewe uliyeumizwa, lalamiko anaweza kulileta ndugu, jirani, hata mtu aliyeona tu akipita. Na hili wengi hawalijui, askari wenyewe pia wanaruhusiwa kupeleka malalamiko pale, na wanapeleka, mkubwa anamnyanyasa, amehamishwa kama adhabu, marupurupu hayajalipwa. Ukisikia ati IPOA ni adui wa polisi ujue anayesema hajawahi kuongea na konstebo aliyelala kwa kambi ya mabati mvua ikimnyeshea.

Kuna pia Tume ya Huduma kwa Polisi ambayo mambo yake ni ajira, vyeo na nidhamu, na kuna tume ya haki za binadamu KNCHR, lakini kwa raia aliyepigwa rungu milango mitatu hiyo inatosha kwa leo.

Sasa IPOA ikipokea malalamiko inafanya nini? Hapa ndo naomba tuende pole pole, maana hapa ndo penye fundo.

Watu wanadhani kila lalamiko linapewa mpelelezi, anapanda gari, anakuja mtaani. Haiko hivyo na haiwezi kuwa hivyo. Tangu ianze, IPOA imepokea malalamiko zaidi ya 20,000, na wachunguzi wake ni wachache ukilinganisha na polisi waliotapakaa nchi nzima. Kwa hiyo lalamiko likifika kuna kikao cha kulipanga. Wanaangalia: hili linahusu polisi kweli? Ni kosa la jinai ama la nidhamu? Kuna mtu amekufa ama ameumia vibaya? Kutokana na majibu hayo lalamiko linaenda njia tofauti. Mengine yanachunguzwa na IPOA yenyewe. Mengine yanapelekwa IAU, ama kwa Inspekta Jenerali, ama kwa tume ya huduma kwa polisi. Na mengine yanafungwa kwa sababu hayahusiani na polisi hata kidogo, mtu ana kesi ya shamba na shemeji yake anaileta pale kwa sababu askari alikataa kumkamata shemeji.

Kifo na majeraha mabaya viko kwenye fungu lao peke yao. Sheria inasema kifo chochote ama jeraha baya ambalo limetokana ama huenda limetokana na kitendo cha polisi, awe mtu alikuwa seli ama barabarani, IPOA lazima ichunguze. Hawangoji mtu alalamike. Wakiona kwenye habari saa moja usiku ati kijana amepigwa risasi Mathare, wanaweza kufungua faili usiku huo huo.

Halafu kuna kazi ambayo mimi naona ndiyo kubwa kuliko zote na haisemwi kabisa, nayo ni kukagua jinsi polisi wenyewe wanavyoshughulikia malalamiko. Tofautisha haya mawili tafadhali. Kuchunguza lalamiko ni kuuliza: huyu askari alimpiga huyu kijana ama hakumpiga? Kukagua ni kuuliza: kijana alipoenda kuripoti, polisi walifanya nini na ile ripoti? Iliandikwa? Shahidi aliitwa? Ama daftari lilifungwa? Sheria inaipa IPOA nguvu ya kufuatilia na kukagua uchunguzi wa IAU, kuona kama ulikuwa wa haki ama wa kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, na kama polisi wanachelewesha uchunguzi kupita kiasi ama wanaufanya kwa namna ambayo hata mtoto ataona hauna kichwa wala miguu, IPOA inaweza kuuchukua mikononi mwake na kuuendesha. Soma hapo mara mbili. Maana yake ukiambiwa lalamiko lako limerudishwa IAU, safari haijaisha. Unaweza kurudi baada ya miezi kadhaa ukasema, nilipewa namba hii, nimeenda mara tatu, hakuna kilichofanyika, na hilo peke yake ni lalamiko jipya lenye uzito wake.

Na usidharau lalamiko la "polisi hawakufanya kitu". Katika ripoti za IPOA, malalamiko ya polisi kukataa ama kuzembea kushughulikia kesi ni kati ya yale yanayoletwa kwa wingi sana. Mama ameripoti mtoto wake kuharibiwa, mshukiwa anajulikana, anapita mbele ya nyumba kila siku, na kituoni anaambiwa rudi kesho. Hakuna aliyempiga huyo mama, lakini polisi wamemkosea, na hapo ukaguzi huru unaingia moja kwa moja.

Haya, tuseme IPOA imechunguza na imeona askari ana makosa. Inamfunga? Hapana. Inampeleka kortini? Pia hapana. Faili linaenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, yeye ndiye anayeamua kama kuna kesi ama hakuna, na kama ipo yeye ndiye anayeshtaki, halafu hakimu ama jaji anasikiliza kama kesi nyingine yoyote. Kama ni kosa la nidhamu tu, IPOA inatoa mapendekezo kwa polisi ama kwa tume yao. Kwa hiyo ukihesabu mikono, lalamiko lako linapita kwa IPOA, kwa DPP, kwa korti, na kila mkono una foleni yake. Ndo unaona katika yale malalamiko zaidi ya 20,000, hukumu za kuwatia askari hatiani hadi 2024 zilikuwa makumi machache tu. Ukiitazama namba hiyo bila kujua njia yenyewe utasema hawa watu wanalala. Mimi sisemi wanalala. Nasema faili nyingi zinakufa kabla hazijaiva, na ukifuatilia zinafia wapi, jibu mara nyingi ni saa za kwanza kabisa.

Hapo ndo nataka tukae kidogo.

Askari akifyatua risasi, nani wa kwanza kufika? Polisi. Ganda la risasi nani anaokota? Polisi. Rejista ya silaha, inayoonyesha bunduki namba fulani alipewa nani saa ngapi na risasi ngapi, iko wapi? Kwenye ghala la kituo. OB iko wapi? Kaunta ya kituo. Kamera ya CCTV ya kituo inaendeshwa na nani? Na bunduki ikishachukuliwa, kupimwa kama ndiyo iliyotoa ile risasi kunafanywa na wataalamu walio chini ya idara ya upelelezi, DCI. Hata ile fomu ya P3, ambayo daktari anaijaza kuonyesha umeumia kiasi gani, kwa kawaida unapewa kituoni. Ofisi inaweza kuwa huru kwa sheria, ikawa na makamishna safi na jengo lake, lakini kama karatasi zote na vielelezo vyote viko kwa mtu anayechunguzwa, uhuru wake unaanza baada ya mtu huyo kumaliza kupanga nyumba.

Waliotunga sheria waliliona hili. Jedwali la sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linasema askari akitumia nguvu ama silaha na mtu akafa ama akaumia vibaya, lazima jambo liripotiwe IPOA mara moja, na eneo la tukio na ushahidi vilindwe. Na limeongeza kitu kizuri sana, kwamba kusema "niliamrishwa na mkubwa" si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Kwenye karatasi iko sawa. Lakini mwenye kupiga simu ile ya kwanza kwa IPOA ni polisi.

Chukua kesi ya Kwekwe Mwandaza. Agosti 2014, kijiji cha Maweche, Kinango kule Kwale, polisi walivamia nyumba usiku wakisema wanatafuta mshukiwa wa mauaji, wakampiga risasi binti wa miaka 14. Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba aliwatokea na panga. Hebu fikiria kesi hiyo ingebaki kituo cha karibu. Ingekwisha kwa mstari mmoja kwenye OB, "mshambuliaji mwenye panga ameuawa". IPOA iliingia, ikachunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, wakapewa miaka saba kila mmoja. Ilikuwa hukumu ya kwanza kupatikana kutokana na kazi ya IPOA. Miaka minne baada ya ofisi kufunguliwa, na wa kwanza ni mtoto wa kijijini Kwale ambaye watu wengi wa Nairobi hawangejua hata jina lake. Mimi wa Pwani hii hukumu nitaikumbuka nikiwa mzee.

Halafu weka kando yake kifo cha Albert Ojwang. Juni 2025, mwalimu na mwanablogu, miaka 31, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu naibu Inspekta Jenerali, akasafirishwa mpaka Nairobi, safari ya kilomita zaidi ya 350, akapitishwa vituo kadhaa njiani ambavyo vina seli, akalazwa kituo cha polisi cha Central, na kufikia asubuhi alikuwa amekufa. Polisi walitangaza kwamba alijigonga kichwa ukutani mwenyewe. Siku chache baadaye wataalamu wa maiti wakaeleza kwamba majeraha yale hayakuwa ya mtu aliyejiumiza, shingo ilikuwa imekabwa. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ile ya kwanza. Na IPOA ikawaambia maseneta kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umechezewa. Unaona? Kamera. Kitu cha kwanza kilichofikiriwa, mwili haujapoa, ni kamera. Kesi ile ilisonga haraka kuliko nyingi, ndani ya mwezi watu sita walikuwa wameshtakiwa kwa mauaji, akiwemo mkuu wa kituo, lakini ilisonga kwa sababu nchi nzima ilikuwa inapiga kelele. Kushtakiwa si kuhukumiwa, korti ifanye kazi yake. Ninachouliza ni nani atapiga kelele kwa yule aliyefia seli ya kituo cha mashambani siku ambayo hakuna mtandao.

Fundo jingine ni kumtambua askari. Lalamiko linapata nguvu likiwa na jina ama angalau namba ya huduma ya askari. Agosti 2017, Nyalenda, Kisumu, mtoto Samantha Pendo wa miezi sita alipigwa nyumbani usiku polisi walipoingia wakisaka waandamanaji, akafariki hospitalini. Nani alishika ile rungu? Giza, kofia, ngao, mabomu ya machozi. Mahakama ya Kisumu ilifanya uchunguzi wa kifo na mwaka 2019 ikaona makamanda wana la kujibu, na Oktoba 2022 DPP akaidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika korti zetu, kwa hoja kwamba aliyeongoza operesheni hawezi kujificha nyuma ya giza la vijana wake. Halafu kesi ikaanza kuahirishwa, na kuahirishwa. Miaka imepita mtoto huyo angekuwa darasani. Na maandamano ya 2024 yalileta ugumu ule ule, watu waliovaa kiraia, nyuso zimefunikwa, magari yasiyo na namba. Mchunguzi huru hata awe hodari namna gani hawezi kumwita mtu asiye na uso.

Na kuna woga. Hili ndilo zito zaidi kwangu, na kila nikimwambia mtu "enda karipoti" nalikumbuka. Josephat Mwenda alikuwa mtu wa bodaboda kama jirani yangu. Aprili 2015 askari wa polisi tawala, Fredrick Leliman, alimpiga risasi ya mkono, halafu yeye aliyepigwa ndiye akafunguliwa mashtaka. Akafanya kile tunachowaambia watu wafanye: akalalamika IPOA, akapata wakili, Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 wakitoka mahakama ya Mavoko, Mwenda, Kimani na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa, wakafungiwa kwenye kambi ya polisi pale Syokimau. Kimani alifanikiwa kurusha nje kipande cha karatasi ya chooni alichoandika namba ya simu na ombi kwamba mkewe apigiwe, yuko hatarini. Miili yao ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk siku chache baadaye. Leliman alihukumiwa kifo Februari 2023, maafisa wawili wakapata miaka 30 na 24, na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao miaka 20. Karibu miaka saba. Korti ilifanya haki, sikatai, na bila wachunguzi makini hukumu ile haingepatikana. Lakini watatu walikufa kwa sababu ya lalamiko. Kwa hiyo ukaguzi huru usioweza kumlinda mlalamikaji kati ya siku anayoandika na siku ya hukumu umeacha nafasi kubwa katikati, na katika nafasi hiyo mtu anaishi mtaa mmoja na anayemlalamikia.

Ndo maana namwambia kila anayeniuliza, kabla ya yote tunza vyako nje ya kituo. Hospitali kwanza, siku hiyo hiyo, na karatasi za matibabu piga picha utume kwa mtu mwingine. P3 ni ya bure, na siku hizi unaweza kuipata mtandaoni ukaenda nayo ikajazwe. Andika saa, mahali, namba ya gari ya askari, hata kama ni nusu yake. Kama duka la pale kona lina kamera nenda ukaongee na mwenyewe leo, kesho picha itakuwa imefutika. OB ukinyimwa, jina la aliyekunyima na saa ni sehemu ya lalamiko. Na ukienda IPOA waambie mapema kama unaogopa, jina lako unaweza kuomba lisitajwe. Usiende peke yako.

Sisi tulirudi kituoni siku ya pili tukiwa na mzee wa mtaa. Alikuwa kaunta afande mwingine, mama mmoja wa makamo, akamtazama kijana mkono, akatazama zile karatasi za hospitali, akaandika mistari minne bila kuuliza "nimpelekee nani". Namba ya OB akaiandika kwenye kikaratasi akampa. Kijana alikikunja akakitia nyuma ya kava ya simu yake, na kiko hapo mpaka sasa, nimekiona juzi aliponipakia, kimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nikamuuliza lini anapeleka lile lalamiko juu zaidi. Akanyamaza mpaka tukapita ile kona. Halafu akaniambia, "Nitaenda, kaka. Lakini si umewaona, ni wale wale bado wamesimama pale."